Nilivyokwenda Kuchagua Trekta na Mama Mkwe

Tangu nirudi nyumbani sijapata raha. Nikienda kisimani naulizwa, nikitoka misa naulizwa, hata padri ameniuliza: imekuwaje, Anselmi, mwende mpaka Elisabethville na pesa za kununua trekta ya maana, mkarudi na kidude cha kijivu kilichobanduka rangi? Haya basi. Nawaandikia wote kwa pamoja, mpeane mkisoma, mniache nilime. Habari za vibali vya kusafiri na karatasi za mauzo nitaziruka, maana zilinichosha mara ya kwanza na sina hamu zinichoshe tena.

Mnajua shamba si langu. Ni la mama mkwe, Mama Veronika, kama mashamba yote ya kwetu yanavyokaa mikononi mwa wanawake. Mnajua pia pesa zilitoka wapi. Marehemu mumewe, Donati, alikuwa mfunga mabehewa relini, na siku moja mabehewa mawili yalikutana naye akiwa katikati. Wazungu wa reli walimpa mjane pesa. Yeye akazifunga kwenye kitambaa asizitumie hata kununua chumvi, mpaka mwaka huu mikono ilipochoka, akasema sasa Donati atamlimia.

Maneno hayo yaliniangukia mimi. Mimi ndiye niliyetajwa kwenda kuchagua, kwa sababu niliwahi kusugua garimoshi kwenye karakana ya reli, na kwetu mtu akishika kitambaa chenye grisi anaitwa fundi wa mashini zote duniani. Kumbe kusugua garimoshi na kuijua trekta ni mambo mawili. Usiku sikulala vizuri. Nikikosea, nitakuwa nimemzika baba mkwe mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu mwenyewe.

Lakini Mama Veronika hakutaka nichague peke yangu. Alitaka aione kwa macho yake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabla hatujatoka mlangoni, maana mkwe na mama mkwe hatutazamani usoni, hatuli mbele ya mwenzake, hatutajani majina, na neno la mmoja halimfikii mwingine ila kwa kinywa cha mtu wa tatu. Mke wangu Odila ana mtoto mchanga, hakuweza kuja. Kwa hiyo kinywa chetu kilikuwa kaka yake, shemeji yangu Plasidi, ambaye mnamjua jinsi anavyopenda kusema, na hasa anavyopenda kunywa.

Garimoshi kutoka Mokambo

Tulipanda garimoshi asubuhi. Mama Veronika alikaa mwisho wa benchi upande wa dirisha, amenipa mgongo, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Mimi nilikaa mwisho wa pili, nimewapa watu wote mgongo. Plasidi katikati, amejinyoosha kama chifu.

Kabla ya kituo cha Tshinsenda garimoshi lilisimama, likasimama kweli. Jua la kabla ya mvua mnalijua. Watu wakafungua vyakula. Mama Veronika alikuwa na kitunga cha bukari, ugali wetu, uliopoa, sombe ya majani ya mihogo na samaki mkavu, harufu ikanijia mpaka puani, lakini nitakulaje mbele yake? Plasidi akala sehemu yake, halafu kwa upole mkubwa akala na yangu.

"Shemeji, we hauko na njaa?" akaniuliza, mdomo umejaa.

"Iko, lakini nitakula wapi?"

"Ah, kweli. Pole."

Nikashuka, nikaenda behewa la nyuma, nikanunua mihogo ya kuchoma kwa mwanamke mmoja. Sikuwa nimemeza tonge la pili garimoshi likashtuka na kuondoka, ikabidi nibaki kule nyuma nimesimama kati ya magunia ya makaa. Nikawaza: Plasidi atamwambia nini mama yake? Niliporudi kituo kilichofuata, nilimkuta mama mkwe akilia polepole. Plasidi alikuwa amemwambia, kwa utulivu wake ule ule, kwamba labda nimeachwa porini. Alisema "labda", anajitetea mpaka leo.

Kamalondo, na ile nyekundu

Tulifikia Kamalondo, mtaa wa watu weusi wa Elisabethville, kwa Mama Albertina, mke wa fundi cherehani mmoja ambaye babake na Donati walitoka kijiji kimoja kule kaskazini. Nyumba ndogo, imejaa vitambaa na watu, na pande zote mbili ni baa. Mama Veronika alilala na wanawake. Mimi nililazwa chini ya meza ya kukatia nguo.

Asubuhi tukaenda mjini kwa wazungu. Trekta nyekundu ilikuwa nyuma ya kioo cha duka, mpya, inang'aa, matairi meusi hayajawahi kukanyaga udongo. Sisi tuliingilia mlango wa pembeni. Karani, Mkongo mwenzetu mwenye tai, alitutazama viatu kwanza.

"Munatafuta nini?"

"Trekta," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba.

"Ya nani?"

"Ya mama huyu."

Akamtazama Mama Veronika, akatazama kitunga, akacheka kidogo. Lakini aliposikia pesa ipo taslimu, alivuta kiti. Alimwaga maneno ya Kifaransa: nguvu za farasi, hidroliki, garanti. Alituonyesha uwanjani nyekundu nyingine, ya majaribio. Lori la bia lilikuwa limetumbukia mtaroni pale nyuma, na ile nyekundu ikafungwa mnyororo, ikalivuta mpaka barabarani bila hata kubadilisha sauti. Watu walipiga makofi. Na mimi nilipiga, siwezi kudanganya. Sauti yake ilinikumbusha karakana.

Hata hivyo sikumkubalia karani. Nilikuwa naogopa. Bei yake ilikuwa inamaliza kitambaa chote cha marehemu, na mashamba yetu si barabara. Sisi tukikata miti tunaacha visiki hadi magotini, tunalima katikati yake, na mashini kubwa vile ingepita wapi? Nilitaka kusikia mama mkwe anafikiri nini. Nikamnong'oneza Plasidi amuulize.

Plasidi akaenda kwa mama yake, wakasema maneno mawili matatu, akarudi.

"Mama anasema nyekundu njo yenyewe."

Ndiyo yenyewe, basi. Kama mwenye pesa amekwisha kuamua, mimi ni nani? Tukamwambia karani tutarudi Jumatatu, maana Jumamosi ile duka lilikuwa linafungwa mchana. Plasidi hakutoka nasi. Karani alikuwa amemkaribisha chakula, wakaenda pamoja wameshikana mabega, wamekuwa ndugu.

Ya buluu

Mchana ule ule, kwa ajili ya kujipa moyo tu, nilikwenda kuangalia ya pili kwenye gereji ya Mgiriki mmoja karibu na njia ya reli. Mama Veronika alinifuata kwa mbali, upande wa pili wa barabara, Mama Albertina akiwa naye.

Ya buluu ilikuwa imetumika, inatumia mafuta mazito, na haikutaka kuwaka. Mgiriki aliizungusha kwa mkono, akaitukana, akaipasha moto kwa tambara lililowashwa, akaitukana tena kwa lugha ambayo naamini hata malaika hawaijui. Ilipowaka ilitoa moshi mweusi, tukakohoa wote. Ikazimika. Akasema leo ina mafua.

"Na mvua ikinyesha?" nikauliza.

"Mvua?" akasema. "Mvua hapana penda."

Basi ya buluu tukaiaga. Jioni Plasidi alirudi amechangamka sana, anaimba, akasema karani ni muntu wa Mungu. Nilikaa nje nikitazama moshi wa kiwanda unavyolala juu ya mji. Kesho kutwa tungelipa. Nilitamani nipate homa.

Wakati huo Mama Albertina akatoka ndani na kuniambia, "Mama yenu anasikia kama kuna muzungu moya ku njia ya Kinsevere, anauzisha trekta yake juu anarudia Bulaya. Anataka kuiona kesho nyuma ya misa."

"Juu ya nini? Amekwisha kuchagua nyekundu."

Mama Albertina akanitazama. "Mi sijui. Banituma tu kusema."

Barabara ya Kinsevere

Jumapili Plasidi hakuamka. Tulimwita, tukamtingisha, Mama Albertina akammwagia maji. Alifungua jicho moja, akasema "Nakuya," akalifunga. Mama Albertina mwenyewe alikuwa na wageni wa mumewe. Lori la mboga linaloelekea Kinsevere lilikuwa linapiga honi. Mama Veronika akapanda. Ningefanya nini? Na mimi nikapanda.

Nawaambia, hata siku ya harusi yangu sikuogopa vile. Mkwe na mama mkwe, safari moja, bila kinywa katikati. Yeye alikaa mbele kabisa juu ya magunia matupu, mimi nyuma kabisa, miguu inaning'inia, vumbi jekundu linanijaa masikioni. Mama mmoja mwenye kuku alituangalia sana, akanigeukia.

"We kijana, ule mama alikuzaa?"

"Hapana. Ni mama mukwe."

"Aaa!" Akajivuta haraka akakaa katikati yetu, kunisitiri. Lakini alishukia njiani na kuku wake, tukabaki wawili.

Lori likaendelea. Kisha nikasikia sauti ya Mama Veronika, na nusura nianguke. Alikuwa amekigeukia kitunga chake, anasema nacho.

"We kitunga. Mi nataka kukuuliza. Ule muntu tuko naye hapa, juu ya nini anapenda ile nyekundu? Haoni visiki?"

Wazee hufanya hivyo pakikosekana mtu, lakini mimi sikuwahi. Nilitafuta kitu cha kusema nacho. Kulikuwa na tairi la akiba.

"We tairi," nikasema, na aibu ikanipanda hadi masikioni. "Ambia kitunga, mi sikusema napenda nyekundu. Plasidi alisema mama njo anaipenda."

Mama Veronika akakivuta kitunga karibu. Kisha kitunga kikaambiwa, "Mi? Mi nilimwambia Plasidi, 'Inatosha kunitisha.' Yeye akaniambia, 'Shemeji amekwisha kuamua.'"

Kumbe! Hakuna aliyeitaka ile nyekundu ila tumbo la Plasidi, lililokula wali na nyama ya karani. Nilicheka mpaka dereva akatoa kichwa nje. Mama Veronika naye nadhani alicheka, mabega yake yalitikisika, ila sikutazama. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilielewa kwamba tungelipa. Jumatatu asubuhi tungelipa pesa yote ya Donati kwa kitu ambacho kila mmoja alikiogopa.

Kwa mzungu wa kijivu

Mzungu alikuwa mzee, mwembamba, ana kofia iliyotoboka. Mkewe alikuwa ametangulia kwao. Masanduku yamejaa barazani. Trekta yake ilisimama chini ya paa la nyasi, ndogo, ya kijivu, chini ya tumbo lake unapita mkono kwa taabu.

"Motere haina nguvu mingi," akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Nasema kweli. Ukibebesha sana, inakufa. Jaribu pale shamba. Pole-pole."

Akatufungia plau, jembe lake la kukokota, kwa mnyororo kwenye chuma cha chini kule nyuma, akatuonyesha kanyagio la kushoto linalokata nguvu, akaingia ndani kutafuta karatasi. Mama Veronika akasimama mbali kando ya shamba, na kitunga kichwani.

Niliiwasha mara ya kwanza tu, ikaitikia. Nikapiga plau mistari michache, ikalima vizuri, taratibu. Nikaanza kuipenda. Lakini woga haukuniachia. Nikajiambia, kwetu kuna visiki. Kama haiwezi kung'oa kisiki, haitufai. Nikaifungua plau, nikaipeleka kwenye kisiki kimoja cha kiasi, nikakizungushia mnyororo. Kwenye kile chuma cha chini mnyororo ulilala mno, ukawa unakwaruza udongo. Sasa mimi, mtu wa reli, nilichowaza ni behewa. Behewa hufungwa juu, kifua kwa kifua, ndipo livute. Nikautoa mnyororo chini, nikaufunga juu, kule nyuma ya kiti, juu ya ekseli. Nikajisifu kabisa. Nikapanda, nikatia gia.

Mnyororo ukakaza. Kisiki hakikusogea. Kilichosogea ni pua ya trekta: ilipanda. Kwanza nikadhani ni kilima. Kisha nikaona mbingu. Magurudumu ya mbele yalikuwa hewani, usukani umekuja kifuani, na mimi naanguka nyuma pamoja na chuma chote. Kanyagio la kushoto lilikuwepo. Mguu wangu ulilisahau. Niliwaona watoto wangu, basi.

"Anselmi! Anselmi! Toka!"

Sauti ya Mama Veronika, na hapo hapo mashini ikakohoa, ikazimika. Hivyo tu. Ikakosa nguvu, ikafa. Pua ikashuka, ikapiga chini kwa kishindo mpaka meno yangu yakagongana. Vumbi. Kimya.

Sijui nilishuka vipi. Mama Veronika alikuwa amekimbia, kitambaa kimeanguka, samaki na bukari vimemwagika shambani. Alinishika uso kwa mikono miwili. Ndiyo, uso. Nikamwona kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Ana macho ya Odila.

"Uko muzima?"

"Niko muzima, mama."

"Mikono? Kifua?"

"Yote iko, mama."

Akaketi chini pale pale, na mimi nikaketi kando yake. Mzungu alitoka mbio, akaona mnyororo ulipofungwa, akashika kichwa. Alinionyesha chuma cha chini kwa kidole, mara tatu, hakutukana. Ningeona afadhali angetukana. Nikasema moyoni yamekwisha, turudi nyumbani na pesa yetu na jembe letu, mimi si mtu wa kukabidhiwa kitu.

Nikamwambia hivyo. Moja kwa moja, bila tairi. "Mama, tuache. Mi nimeshindwa. Ata hii haina nguvu, umeona, imekufa yenyewe."

Alikuwa anaitazama ile trekta.

"Ile nyekundu," akasema, "ingekufa vile?"

Nikakumbuka lori la bia linavyotoka mtaroni, na sauti isiyobadilika.

"Hapana, mama. Ile iko na nguvu. Ile ingenipindukia."

"Njo vile." Akajifunga kitambaa upya. "Ile behewa ya kumupata Donati nayo ilikuwa na nguvu. Alilia, benzake balilia, chuma inaendelea tu. Mi nilikwisha kusikia habari ya chuma yenye nguvu. Mi nataka chuma yenye kukufa mbele ya muntu kukufa." Akanyanyuka, akamgeukia mzungu. "Musyu. Tunakamata hii."

Nyumbani

Kurudi kulikuwa na matata yake, na Plasidi alisema mengi njiani, lakini hayo atawaambia mwenyewe, yeye ni kinywa. Trekta ilikuja kwa garimoshi la mizigo, wengi wenu mliiona ikishushwa Mokambo, na mlicheka.

Wazee wa upande wa Odila walikasirika kusikia nimeitwa jina. Walitaka nipeleke kuku, na Mama Veronika anipikie, na baada ya hapo turudi kunyamaziana kama zamani. Kuku nilipeleka. Alimpika, akakaa, akala nami sahani moja mbele yao wote. "Jina lilikwisha kutoka," akawaambia. "Nitalirudisha mu kinywa namna gani?"

Sasa tunalima. Mnyororo naufunga chini, msiwe na wasiwasi. Hata hivyo kijivu changu hukutana na mizizi kila mahali, na kila kikikutana nayo hukohoa na kuzimika, na ninyi mkiwa njiani mnapiga vigelegele vya dhihaka, nawasikia. Lakini kabla ya vigelegele vyenu kuna sauti nyingine, kutoka pembeni mwa shamba ambapo mama anapanda mahindi. Kila mashini ikinyamaza, hata akiwa ameinama, hata akiwa na mbegu mkononi, anainuka na kuita, "Anselmi?"

"Niko, mama!"

Ndipo anainama tena, nami nashuka kuiwasha.